Watoto wa Mkeka

Bibi Mkunga hapigi hodi. Iwe nyumba ya mchungaji, ya shehe au ya mwenyekiti wa kijiji, yeye anasukuma mlango, anaingia na viatu vyake vya plastiki, anatafuta pa kukaa, na akishakaa ndipo anasema, "Nimefika." Ukimlaumu anakujibu, "Hata wewe ulipokuja hukupiga hodi. Nilikusikia tu unalia." Na ni kweli, maana kijijini kwetu, huku nyuma ya Ulemo, watu wazima wa chini ya miaka arobaini karibu wote tumepitia mikononi mwake.

Jina analo, liko kwenye kadi yake ya kupigia kura. Sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Alistaafu pale zahanati mimi nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo ni Mkunga tu.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msinitegemee kwa maneno makubwa. Ndoto yangu ni kufungua duka Singida mjini, lenye kioo mbele na sanamu mbili zimevaa magauni yangu, moja nene na moja nyembamba, kwa sababu wateja wangu wengi ni wanene na sijaona duka linalowawekea sanamu ya saizi yao. Watu nikiwaambia ndoto hiyo wanacheka. Bibi hakucheka. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na sanamu mwenye mimba je? Au wajawazito kwako watembee uchi?" Tangu siku hiyo sanamu ni tatu.

Ndivyo alivyo. Kila kitu anakipima kwa uzazi. Mvua ikichelewa anasema mbingu zimepitiliza tarehe. Mtu mwenye haraka ni "mtoto njiti", aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mbuzi hawapendi kabisa, anasema wanazaa kwa dharau. Mpira wa redioni anaupenda kuliko vijana wote wa kijiweni, na timu yake ikizidiwa, huyu huyu ambaye nitawaeleza habari zake, anapiga kelele, "Mvunjeni huyo! Mvunjeni mguu!" Kuku anachinja mwenyewe, bila kumwita mwanaume, na kuku akiruka ruka anamwambia, "Tulia bwana, unakwenda kwa mzazi." Maana kuku wake wote ni wa supu ya wazazi. Mwanamke akijifungua hapa kijijini, kabla ya ndugu hawajafika, Bibi ameshatangulia na sufuria.

Sasa nije kwenye lile linalojulikana zaidi. Wasichana walikuwa wanamfuata. Msichana wa shule akishapitisha mwezi, akishalia kwa rafiki yake, wazo la kwanza lilikuwa: Mkunga anajua kuleta, basi na kutoa atajua. Na yeye jibu lake lilikuwa moja, kwa maneno yale yale: "Mimi sitoi. Kaa chini."

Nusu ya kwanza ya jibu hilo inajulikana mpaka Kinyangiri. Ile nusu ya pili watu wanaisahau.

Zamani, hata yeye alikuwa hana nusu ya pili. Hilo anakusimulia mwenyewe, hangoji umuulize. Alikuwa bado mpya kazini, alikuja binti mmoja, akamwambia sitoi, akafunga mlango. Binti akaenda kwa mtu wa kijiji kingine, akapewa mizizi anywe. Wakamrudisha zahanati juu ya baiskeli, kaka yake anasukuma huku anamshikilia shingo. Alifia mikononi mwa Bibi.

Nesi tuliye naye sasa, dada mmoja kijana, msomi, mwenye roho nzuri, siku moja alimbana. Walikuwa wanachambua maharage kwenye benchi la zahanati, mimi nimepeleka mashuka niliyoyashona.

"Bibi, ungemsaidia yule, leo angekuwa hai."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, angekuwa hai. Unataka nikatae?"

"Sasa kwa nini hukubadilika?"

"Nilibadilika. Nilinunua mkeka."

Ni kweli. Alinunua mkeka mkubwa wa ukindu, akautandika sebuleni kwake, na kuanzia hapo kila aliyeambiwa "sitoi" aliambiwa na "kaa chini", maana yake kaa hapa, ule hapa, ulale hapa mpaka utakapojifungua. Wazazi atazungumza nao yeye. Anasema kumwambia mtu beba halafu ukamwacha abebe peke yake ni kumtapeli. Kuna baba alikuja na panga kumfuata binti yake. Bibi alimfungulia, akampokea lile panga kama mtu anavyopokewa mwavuli, akampa uji wa ulezi. Mzee wa watu akanywa, akalia, akarudi nyumbani. Panga lake alikuja kulifuata wiki iliyofuata, tena akapiga na hodi.

Yule mzee ni babu yangu. Binti ni mama. Mimi ni mtoto wa mkeka, ndivyo tunavyoitwa sisi, na tuko wanane. Sijawahi kuliona kuwa ni tusi. Nilikuwa najivuna nalo shuleni, nawaambia wenzangu, nyie mmezaliwa tu, sisi tulipiganiwa.

Nesi hajawahi kukubaliana naye. Anasema mwili ni wa msichana na si kila msichana ana bahati ya kupata mkeka. Bibi anamjibu kwamba hapo kwenye mkeka amesema kweli. Kisha wanaendelea na maharage. Na msidhani Bibi hana mikanganyiko yake. Mke wa jirani yetu mimba ilipotunga nje ya kizazi, Bibi ndiye aliyempakia kwenye gari akamwambia dereva akanyage mafuta, na madaktari walipoitoa, alishukuru Mungu kwa sauti. Mtu akamchokoza: "Leo umetoa, Bibi?" Akasema, "Walikuwa wanakufa wawili. Nimerudi na mmoja. Wewe ungerudi na wangapi?"

Kanisani walimpenda sana kwa msimamo wake, hasa Mzee wa Kanisa mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye kila semina ya vijana alikuwa anamwita aseme na mabinti. Semina moja Bibi akasema nao vizuri, mabinti wametulia. Kisha, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, akaongeza, "Na kunyonga watu ni vilevile. Sheria ile ningeifuta."

Mzee wa Kanisa akasimama. "Bibi, muda umekwisha."

"Muda upo, saa yangu naiona."

"Mtoto hana kosa! Muuaji ana kosa! Usichanganye vijana!"

"Ni kweli ana kosa. Lakini uhai ungekuwa unagawiwa kwa wasio na makosa tu, mzee wangu, wewe tungekuzika mwaka gani?"

Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji alijifanya anakohoa. Hakuitwa tena semina. Nesi aliposikia alifurahi, maana na yeye hapendi watu wanyongwe. Akamwambia, "Hapo tuko pamoja Bibi. Yule mzee ameshika upande mmoja, mimi nimeshika mwingine."

"Na mimi nimeshika pande zote mbili," Bibi akasema.

"Huchoki?"

"Nachoka sana, mwanangu."

Nilicheka na mimi siku zile. Yalikuwa maneno tu, ya kuchambulia maharage. Hayakuwa yamemfikia mtu.

Yalitufikia sisi. Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume, Mjomba wangu, aliyekuwa anaendesha bodaboda na kununua kuku vijijini. Ndiye aliyenipa cherehani ninayoshonea. Alikuja nayo kwenye pikipiki, ameibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, kijiji kizima kinamcheka, na yeye anapiga honi. Mtu mmoja alimkodi ampeleke upande wa Kinyangiri. Hawakufika. Alipigwa na chuma kichwani, akaachwa porini, pikipiki ikachukuliwa.

Aliyemkodi ni kijana tuliyemwita Redio, kwa sababu tangu utoto mdomo wake ulikuwa hauzimi. Na Redio ni mtoto wa mkeka. Wa tano au wa sita. Mama yake aliondoka zamani, akamwacha na bibi yake mzaa mama, na huyo bibi alipofariki Redio akawa wa kijiji kizima, yaani hakuwa wa mtu. Tumecheza naye sana. Tulikuwa tunasema sisi ni ndugu, tumelala mkeka mmoja.

Siku ya tatu, mchana, jua kali, watu wakamkuta kwenye stoo ya alizeti, amejificha na pikipiki. Habari ikakimbia. Nilifika nikakuta watu wamejaa, mawe mkononi, Mzee wa Kanisa yuko mbele anaita petroli. Nisiwadanganye. Mimi, ninayelia kuku wakichinjwa, nilikuwa nimeshika nusu tofali.

Bibi akaja. Alipita katikati yetu bila kusema samahani, akaingia stoo bila hodi kama kawaida yake, akatoka, akakaa kizingitini, amempa Redio mgongo.

"Bibi, toka hapo! Huyo ni muuaji!"

"Najua ni muuaji. Nimetoka msibani, nimelala siku mbili na dada wa marehemu. Wewe umelala wapi?"

Kisha akasema, "Wote niliowapokea kwa mikono hii, inueni mikono."

Jamani. Tumezoea kumtii. Mikono ikainuka, na iliyoinuka ndiyo hiyo hiyo yenye mawe. Nikaona nusu tofali langu liko juu ya kichwa changu mwenyewe. Bibi akatutazama mmoja mmoja, hakuwa na haraka.

"Shusheni," akasema. "Nilitaka muone."

Wengine waliyaachia mawe. Wengine walibaki nayo, lakini hakuna aliyerusha, na baadaye polisi wakaja na mgambo, wakamchukua Redio. Alipita karibu yangu. Alikuwa hasemi kitu.

Jioni mama alinikalisha chini. Uso wake ulikuwa umekauka. Akasema, "Kuanzia leo yule mwanamke hatumjui. Humsalimii, huendi kwake, humshonei."

"Mama, ni Bibi."

"Kamlinda aliyemuua mdogo wangu. Heri angemtoa. Siku ile mama yake alipokuja kuomba, angemtoa tu, leo mdogo wangu angekuwa anakula."

Nadhani na yeye alisikia alichosema, kwa sababu alinitazama, halafu akaangalia mikono yake. Mimi nilikwenda kuota moto jikoni. Nilikuwa nafikiria mkeka ule, na wasichana waliokaa juu yake, na kwamba hakuna aliyejua nani amebeba nini tumboni.

Huku kwetu kupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo ni afadhali umtukane. Nilifanya hivyo miezi mingi. Nilikuwa nampita Bibi barabarani nimeinamisha kichwa, na yeye, kila mara, kwa sauti ya kawaida kabisa, anajibu, "Marahaba, mwanangu." Salamu sijatoa, yeye anaitikia. Nilikuwa nikifika nyumbani nashona nguo upande usio wake.

Kesi ilisikilizwa Singida mjini. Tulikwenda wote. Redio akahukumiwa kunyongwa, rufaa nayo ikashindwa. Mama alishukuru, akarudi nyumbani, hakula. Alidhani hukumu itamwondolea kitu, nami nilidhani hivyo. Watu wakatuambia siku hizi wanaohukumiwa hawanyongwi, wanakaa tu wakisubiri. Nasikia Bibi alipoambiwa hivyo alisema, "Kusubiri mnakujua ninyi? Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa na watu wanaosubiri."

Mwaka huu, alizeti zikiwa zimeshaingia ndani, nilikuwa kibarazani nashona sare za shule. Bibi akaja anapapasa ukuta. Macho yake yameingia ukungu, fimbo anayo lakini haipendi. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Nimefika."

Mama alikuwa ameenda mashineni kukamua mafuta. Nilitazama barabara, halafu nikasema, "Shikamoo Bibi." Na yeye akaitikia kama kawaida, utadhani tulionana jana.

"Nina kazi ya kuandika," akasema. "Macho hayataki. Nataka barua iende juu, kwa Rais, kumwombea Redio asinyongwe. Akae gerezani maisha yake yote, sawa. Asinyongwe."

Mguu ukaganda kwenye pedali. "Bibi, kuna Nesi. Kuna mwalimu."

"Nesi ataiandika vizuri sana, na haitamuuma popote. Barua ya namna hii aiandike mtu inayemuuma. Ukikataa nitaondoka, na kesho nitakuitikia marahaba."

"Mama akijua atanifukuza."

"Anaweza."

Hakunibembeleza, hakuniambia hatanifukuza. Nikapata hasira. Nikamuuliza swali nililokaa nalo muda wote ule. "Na kama angekuwa mwanao ndiye aliyepigwa chuma? Ungesema hivi?"

"Ningetaka anyongwe," akasema. "Ningeomba kamba niivute mimi. Ndiyo maana mwenye msiba hapaswi kuulizwa. Mama yako simlaumu hata kidogo, mwambie."

"Mama anasema ungemtoa Redio."

"Najua. Na mimi nimewahi kusema, nikiwa peke yangu. Lakini mlipokuwa tumboni sikujua nani atakuwa fundi na nani atakuwa muuaji. Niliwakatalia wote kwa sababu sijui. Sasa nimeshajua, halafu niseme huyu nilikosea, arudishwe? Basi kule kukataa nilikuwa nabahatisha tu." Akashusha pumzi. "Mimi si mwema, mwanangu. Naogopa tu kuwa mwongo."

Sijui sheria, na sijui kama Bibi amepatia. Yule binti wa baiskeli bado namfikiria, na maneno ya Nesi pia. Lakini nilichukua daftari la vipimo, nikafungua katikati, nikasema, "Sema, naandika."

Upepo ulikuwa mkali, akawa anabana karatasi kwa kiganja. Akaanza: "Mheshimiwa, mimi ni mkunga mstaafu. Aliyeuawa nilimpokea mimi. Aliyemuua nilimpokea mimi." Nikadhani atakwenda moja kwa moja kwa Redio. Hapana. Alianza na Mjomba. Alisema alivyozaliwa ametanguliza miguu, alivyokuwa anapiga honi akipita zahanati ili wagonjwa wacheke, alivyombebea wazazi kwenye pikipiki bila kudai chochote. Nukta ya wino ilianza kusambaa, nikajua ni machozi yangu. "Andika," Bibi akasema. "Asome kwanza kilichopotea. Andika hivi: alikuwa kijana, alikuwa hana mke wala mtoto, hakuacha mtu isipokuwa dada yake..."

"Muongo!"

Mama alikuwa amesimama pembeni ya kibaraza, dumu la mafuta kichwani. Sijui alifika lini wala alisikia kuanzia wapi. Kalamu ikaniponyoka. Bibi hakugeuka, ila aliinua kichwa.

Mama akashusha dumu polepole. "Mnaandika nini juu ya mdogo wangu?"

Nikalifunika daftari kwa kiganja.

"Eti hakuacha mtu. Alikuwa ameshaposa! Wazee walikuwa wamekwenda Kinyangiri mara mbili. Yule binti mpaka leo hajaolewa, nikikutana naye mnadani ananiita wifi. Mnamwandikia mkubwa barua ya uongo?" Sauti ikakatika. "Kama mnamwandika, mwandikeni wote. Na mchumba wake mumwandike."

"Sikujua, mwanangu," Bibi akasema. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo kwa sauti ndogo namna ile. "Kweli sikujua."

"Na mimi siweki sahihi. Mnisikie wote wawili. Siweki."

"Sijaja kukuomba."

Nikachana karatasi, nikaanza upya. Mama akageuza ndoo, akakaa juu yake, kanga ameivuta mabegani, akawa ananielekeza: hapana, sio hivyo, ilikuwa baada ya Pasaka, weka na wimbo aliokuwa anauongoza kwenye kwaya, sema alikuwa na kovu kwenye nyusi, nililisababisha mimi. Bibi alituachia, kiganja chake kimelala kwenye ukingo wa karatasi. Tulijaza upande wa kwanza wote, tukageuza.

Kisha ikafika mahali ambapo habari za Mjomba zilikuwa zimekwisha.

"Sasa andika jina la yule," Bibi akasema.

Nilimtazama mama. Aligeuza uso akaangalia barabara inayoelekea Kinyangiri, akaangalia muda mrefu, mkono umeshika mdomo. Hakuinuka. Nikaliandika.